Ukurasa wa mtandaoni upimwe Garsen

Anayetaka kujua kama blogu yake imetengenezwa vizuri aifungulie Minjila, karibu na Garsen, njia panda ambapo barabara ya Malindi kwenda Garissa huachana na ile ya Lamu. Aifungue saa saba mchana, jua likiwa la utosi, kwa simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka pembeni na bando dogo la siku. Kisha asubiri. Kama kitakachojitokeza ni picha kubwa ya machweo inayojifungua nusu nusu, na chini yake maandishi ya kijivu asiyoweza kuyasoma mpaka aingie kivulini, basi ukurasa huo umefeli hata kama umetuzwa Nairobi.

Kutuza blogu si jambo geni kwetu. Chama cha Wanablogu wa Kenya, BAKE, kiliundwa 2011, na 2012 kikaanza kutoa tuzo za blogu bora nchini: za teknolojia, biashara, mapishi, mazingira, upigaji picha, uandishi wa kubuni na nyinginezo. Wasomaji hupendekeza majina, majaji huchuja na kubakisha wachache katika kila kundi, kisha umma hupiga kura. Tuzo hizo zimewapa jina waandishi ambao wahariri wa magazeti wasingewapa hata nusu safu, na kwa hilo zinastahili heshima. Hata hivyo, penye mashindano pana jaji, na jaji naye ana mahali anapokaa. Akiwa ofisini kwenye kompyuta ya mezani, mtandao ukienda mbio na feni ikizunguka juu yake, ataona ukurasa mmoja. Msomaji wa Garsen ataona mwingine kabisa, ingawa anwani ni ileile.

Hoja yangu ni kwamba ukurasa unaoandika kuhusu mahali fulani upimwe mahali hapo, na watu wanaoandikwa ndani yake wawe sehemu ya majaji. Ukifanya hivyo, utaona kuwa yaliyomo na mwonekano havitenganiki kwa urahisi kama fomu za alama zinavyotaka tuamini.

Nimeichagua Tana River kwa sababu ni kaunti inayoandikwa sana na watu wasioishi humo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 315,943 katika eneo la kilomita mraba zipatazo 38,000, wametawanyika kati ya Bura, Galole na Garsen: Wapokomo wakulima wa kando ya mto, Waorma na Wawardei wafugaji, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wata na wengine. Ukiitafuta kaunti hii mtandaoni utakutana na mambo matatu: wanyama, mafuriko na damu. Kuna tumbili wawili wa Mto Tana, mbega mwekundu na mangabey, wasiopatikana kwingine kokote duniani. Kuna ndege wa delta. Kuna picha za watu juu ya mapaa ya nyumba maji yakiwa yamezunguka. Halafu kuna 2012.

Mwaka huo unafaa kutazamwa kwa karibu, maana unaonyesha jinsi waandishi wawili wanavyoweza kuandika kuhusu mahali pamoja wasikutane hata kidogo. Agosti 22, 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 zamu ikawa ya Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi pia waliuawa. Katikati ya tarehe hizo mbili, Septemba 7, Delta ya Mto Tana iliorodheshwa rasmi kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Ni delta ileile na ni majuma yaleyale. Anayesoma habari za korongo na bata maji peke yake hatajua kuwa watu walikuwa wakizika wenzao. Anayesoma habari za mauaji peke yake hatajua kuwa uwanja huo wa mauti ni malisho, shamba, bwawa la samaki na makazi ya ndege, na kwamba thamani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya sababu za watu kuugombania. Kurasa zote mbili zinaweza kuwa na sarufi safi na picha kali. Mimi ningezipunguzia alama zote mbili.

Kigezo changu cha kwanza cha yaliyomo, kwa ukurasa wowote unaozungumzia migogoro ya Tana, ni kama mwandishi anajua malka ni nini. Malka ni njia ya mifugo kuufikia mto. Kiangazi kikikaza na madimbwi ya bara yakikauka, ng'ombe wa Waorma na Wawardei huletwa deltani, na lazima wapite mahali fulani ili wanywe. Upande wa pili, Mpokomo hulima ukingoni kabisa, kwa kuwa ndiko udongo wa mafuriko ulikobaki: mpunga, mahindi, ndizi, miembe. Shamba likisogea, malka hufinyika. Malka ikizibwa, ng'ombe huingia shambani. Mabwawa ya juu ya mto, tangu Kindaruma ya 1968 hadi Masinga ya 1981 na Kiambere iliyofuata, yamebadilisha namna mafuriko yanavyofika chini, na miradi mikubwa ya mashamba deltani imechukua ardhi ambayo pande zote mbili ziliitegemea. Mwandishi anayejua haya ataandika tofauti kabisa na yule anayeandika kwamba makabila mawili hasimu yamepigana tena. Wa pili amelirudia jambo alilolisikia, na kwa kulirudia amewatangazia watu wa Garsen kwamba uhasama ni damu yao. Sentensi ya namna hiyo haiokolewi na rangi nzuri wala herufi za kupendeza.

Upo pia ushahidi wa zamani, wa kaunti hiihii, kwamba maandishi nadhifu yanaweza kubeba uongo mzito. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema vifo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ilikuwa taarifa rasmi, fupi, ya lugha tulivu, iliyopangwa kama taarifa za serikali zinavyopangwa. Uchunguzi wa miili ndio uliofichua majeraha ya kipigo, na suala hilo likafika hadi Bunge la Uingereza, ambako hata wabunge wa chama tawala walilikemea. Nikimfundisha kijana kupima ukurasa, ningeanzia hapo Hola. Ningemwambia atafute kwanza nani amesema, alikuwepo au aliambiwa, na nani hakuulizwa. Katika taarifa ile ya 1959 hakuna mfungwa hata mmoja aliyenukuliwa, ingawa wenzao 77 walikuwa hai na majeraha mwilini.

Wakati wa ghasia za 2012 na 2013 na baada yake, suala hili la kupima maneno lilishughulikiwa kwa njia mbili ambazo kila jaji wa blogu angefaidika kuzijua. Ya kwanza ni Umati, mradi ulioanzishwa Septemba 2012 na watafiti wa kituo cha teknolojia cha iHub pamoja na shirika la Ushahidi jijini Nairobi ili kufuatilia lugha ya chuki mtandaoni kuelekea uchaguzi wa Machi 2013. Wasomaji wake walipitia blogu, mitandao ya kijamii na maoni ya wasomaji wa magazeti, wakaipima kila kauli: msemaji ana ushawishi kiasi gani, anazungumza na nani, na maneno yake yanaweza kuwachochea watu kufanya nini. Ilikuwa kazi nzuri na ya kuchosha, na iliweka mfano barani Afrika. Lakini lugha ilizozifuatilia zilikuwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng', Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin na Kisomali. Kipokomo na Kiorma hazikuwemo, wakati ambapo delta ndiyo iliyokuwa ikiwaka.

Ya pili ilifanyika deltani kwenyewe. Shirika la The Sentinel Project la Kanada, likishirikiana na iHub, lilianzisha huduma iliyoitwa Una Hakika. Mkazi aliyesikia uvumi, tuseme kwamba kijiji cha jirani kinajiandaa kushambulia, aliutuma kwa ujumbe mfupi. Watu wa kujitolea walioishi vijijini, kutoka jamii mbalimbali, walikwenda kuuliza. Jibu likarudishwa kwa walioupokea uvumi huo: ni kweli, si kweli, au bado haijulikani. Naipenda huduma hii kwa sababu mbili. Ilimuuliza msomaji swali ambalo mwandishi alipaswa kujiuliza mwenyewe kabla ya kuchapisha. Tena ilitumia chombo ambacho watu walikuwa nacho mkononi, hata mwenye simu ya kabambe ya kubonyeza, pasipo picha, rangi wala kiungo. Ukipima mwonekano kwa maana yake halisi, yaani namna habari inavyomfikia mtu, ujumbe mfupi wa Una Hakika ulikuwa umebuniwa vizuri kuliko kurasa nyingi nilizoziona zikisifiwa.

Serikali nayo imejipa nafasi ya kuwa jaji wa yaliyomo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilipotiwa saini Mei 2018, ilikuja na faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari za uongo. BAKE ilikwenda mahakamani, na Mei 29 Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi hiyo. Wanablogu wenzetu wa Tanzania walikuwa wamebanwa zaidi: kanuni za 2018 ziliwataka kujisajili na kulipa ada ambazo kwa jumla zilipita shilingi milioni 2 za nchi hiyo. Mimi sitaki jaji wa aina hiyo. Hata hivyo, tusipojenga desturi yetu ya kupimana kwa haki na kwa ukali, tutakuwa tunampa mwenye rungu sababu ya kusema kwamba hakuna mwingine anayeweza.

Sasa tuje kwenye mwonekano. Hapa ndipo wengi hutoa alama kwa kitu kisichostahili, hasa picha ya juu inayojaza skrini nzima. Picha ikitolewa kwenye kamera ya kisasa na kupachikwa ilivyo, inaweza kuwa na megabaiti 4 au 5. Ukurasa wenye picha 12 za namna hiyo unakaribia megabaiti 50 au kuzipita kabla msomaji hajasoma sentensi moja. Mwenye bando dogo analipia machweo ya mtu mwingine kwa fedha alizotenga za kuulizia bei ya ng'ombe sokoni. Picha hizohizo zikipunguzwa upana zilingane na skrini ya simu na kubanwa kwa programu yoyote ya bure, kila moja hushuka hadi kilobaiti 100 au 150, na jicho la kawaida halitambui tofauti. Ni kazi ya robo saa. Mwandishi asiyeifanya amemwambia msomaji wa Garsen kwamba hakumfikiria.

Kuna rangi. Muungano wa W3C unaoweka viwango vya mtandao unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na ipo mtandaoni mizani ya bure ya kuipima. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo wabunifu wengi huyaona ya kistaarabu, mara nyingi huanguka chini ya kiwango hicho. Kiwango chenyewe kiliwekwa kuwasaidia wenye uoni hafifu. Kwenye jua la Garsen kila mtu ana uoni hafifu. Weusi kamili juu ya weupe, herufi kubwa kiasi na nafasi ya kutosha kati ya mistari vinatosha, na havigharimu chochote.

Jambo jingine nalisikitikia sana kwa kuwa linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Violezo vingi vya blogu vimetengenezwa kwa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi ni mafupi. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi kwa pamoja. Ukichukua neno kama «yaliyowasababishia» au «wanaotutegemea», ukaliweka kwenye safu nyembamba ya simu, halafu ukaagiza mistari ilingane pande zote mbili, programu italazimika kutawanya maneno mawili yaliyobaki mpaka mstari uwe na mashimo. Nimeona aya nzima za habari njema zikisomeka kwa kukatika kwa sababu hiyo tu. Dawa ni kuacha upande wa kulia ujikatikie wenyewe. Wahariri wa magazeti ya Kiswahili wamepambana na tatizo hili kwenye safu za karatasi kwa miaka mingi, na mwanablogu hana haja ya kulirudia.

Kisha kuna ng'ombe. Katika kaunti ya wafugaji hili ni neno lisilokosekana, na ndani yake mna kialama kidogo juu ya mstari. Baadhi ya programu hukigeuza kikaelekea upande usio wake. Mbaya zaidi, ukurasa ukihamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila uangalifu, msomaji hukutana na «ngâ€™ombe». Kosa hilo huonekana dogo kwa mtu wa mbali. Kwa mfugaji anayejua kusoma na ambaye hatimaye amepata ukurasa unaozungumzia mali yake, ni dalili kwamba hakuna aliyeusoma kabla yake. Jaji aliye makini atafute neno hilo kwanza, kwa kuwa litamwonyesha kwa nukta moja kama mwandishi hurudi kuitazama kazi yake baada ya kuichapisha.

Mahali ambapo yaliyomo na mwonekano hukutana waziwazi ni kwenye picha na maelezo yake. Chukua picha ya mtu amesimama na mifugo karibu na maji. Maelezo yakisema «Mfugaji na ng'ombe wake, Tana River», msomaji hajaambiwa lolote ambalo jicho halikuona. Yakisema «Ng'ombe wakiingia malka karibu na Idsowe mwezi Februari, maji yakiwa yamepungua; mashamba ya mahindi yanaanza nyuma ya miti», picha ileile imekuwa ushahidi. Msomaji sasa anaona umbali mfupi kati ya kwato na mahindi, na ameelewa jambo ambalo ripoti ndefu zimeshindwa kumweleza. Nikiwa na blogu mbili zinazolingana, hii yenye maelezo ya picha yaliyoshiba ndiyo ningeipa tuzo.

Tarehe kwenye picha ni suala la usalama, hasa Tana. Mto huu umefurika mara nyingi. Wazee wanaitaja 1961, wengine 1997, na majuzi tumekuwa na 2018, 2023 na 2024. Picha ya kijiji kilichozama isiyo na tarehe inaweza kurushwa tena mwaka wowote, ikawahamisha watu ambao hawako hatarini au, baada ya kubainika kuwa ya zamani, ikawafanya wapuuze onyo la kweli litakalofuata. Aprili 2024 mashua iliyobeba watu ilizama kwenye maji ya mafuriko Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa, na video ya watu wakihangaika majini ikasambaa nchini kote. Kila aliyeirusha tena alikuwa mchapishaji kwa dakika hiyo. Katika watu waliokuwa majini mlikuwa na ndugu wa mtu, na huenda mtu huyo aliona kifo cha nduguye kwenye simu kabla hajapigiwa.

Idhini, basi, iwe kigezo chenye alama zake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeshaweka msingi, na Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Watoto wa kambi za mafuriko za Tana Delta wana haki ileile, ingawa wazazi wao hawana wakili. Blogu nyingi za misaada na za usafiri zina uso wa mtoto wa huko kama pambo la ukurasa wa mbele, bila jina, bila kijiji, bila dalili kwamba kuna aliyeulizwa. Ningekuwa na mamlaka, ukurasa wa namna hiyo ungeondolewa mashindanoni bila kujadiliwa.

Wapo watakaonijibu kwamba mwonekano ni jambo la anasa, na wana mifano mizuri ya kuniletea. Ory Okolloh, kwenye blogu yake ya Kenyan Pundit, aliandika usiku na mchana katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, wakati serikali ilipokuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zilikuwa kurasa za maandishi zaidi kuliko picha. Humo ndimo alimotoa wito mapema Januari 2008 wa kutengenezwa ramani ya matukio, na kutokana na wito huo yeye na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaanzisha Ushahidi. Kwa Kiswahili, Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe walitangulia wengi wetu, wakathibitisha kuwa lugha hii inaweza kujadili siasa na teknolojia mtandaoni bila kuomba radhi. Issa Michuzi alianza blogu yake 2005, na mtindo wake wa picha moja, maelezo ya mistari miwili mitatu, kisha nyingine chini yake, haukufuata kitabu chochote cha ubunifu. Watanzania wa ndani na wa ughaibuni waliifungua kila asubuhi.

Mifano hiyo haipingani na ninayoyasema. Kurasa zile zilikuwa nyepesi, zilifunguka, na mtu alijua aanzie wapi. Mpangilio wa Michuzi ulimfaa msomaji aliyetaka kujua nyumbani kuna nini leo. Huo ni ubunifu, hata kama haukufanywa na msanii. Kosa la urembo nalisamehe upesi. La ukweli silisamehe. Ila ukurasa usiofunguka Garsen kwangu hauna yaliyomo, kwa kuwa hakuna kilichomfikia mtu.

Yako mengi ambayo kijana wa Ngao, Tarasaa, Wema au Kipini angeweza kuyaandika na hakuna mwingine atakayeyaandika vizuri kama yeye. Wimbo wa taifa ni mojawapo. Sauti yake ilitokana na bembelezi la Wapokomo, na mzee Meza Moroa Galana wa Tana River ndiye aliyetoa lahani kwa kamati ya 1963 iliyomjumuisha Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kila asubuhi ya Jumatatu shule zote za Kenya huimba lahani ya akina mama wa Mto Tana. Kwa nini habari hii huandikwa mistari miwili katika kurasa za watu wa mbali, na haina ukurasa wake mmoja mzuri, wenye sauti iliyorekodiwa kijijini, kwa Kipokomo na kwa Kiswahili? Kuna Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, na Matadeda la Waorma, ambayo yamekaa kusuluhisha mambo ambayo mahakamani yangechukua miaka. Kuna mti wa mathenge ulioziba njia za mifugo. Kuna bei ya maembe inayoporomoka msimu wa mavuno. Haya ni yaliyomo ya kutosha blogu kumi.

Wengi wa vijana hao huandika Kiingereza kwa matumaini kwamba mfadhili atapita. Siwalaumu, maana njaa ni njaa. Ninachowaomba ni kwamba habari ya onyo, ya maji, ya ugonjwa wa mifugo, ya soko na ya amani iwekwe kwanza kwa Kiswahili, na ikiwezekana kwa Kiorma na Kipokomo pia, kisha Kiingereza kifuate. Msomaji atakayeumia akikosa habari hiyo yuko Idsowe na Oda, wala hayuko Geneva.

Nawageukia sasa wanaoandaa tuzo hizi, walimu wa vyuo vya uanahabari vya Pwani wanaosahihisha kazi za wanafunzi, na kaunti zenyewe ambazo hutumia fedha za umma kutengeneza tovuti. Kabla ya kutoa alama, chukueni simu ya kawaida, nunueni bando la kawaida, mketi na mfugaji, mkulima na mvuvi wa delta, kila mmoja asome ukurasa unaomhusu kwa macho yake au asomewe na mwanawe. Waulizeni wanaona nini kimekosewa, nini kimeachwa, na kama wangekubali picha hiyo ibaki pale. Andikeni majibu yao kwenye fomu ya alama. Na wewe unayesoma haya, kama una blogu iliyowahi kutaja Tana River hata mara moja, irudie leo: weka tarehe kwenye picha zako, punguza uzito wake, rekebisha ng'ombe wako, na kama hukumuuliza mwenye uso ule, uondoe.